Jani la kiazi kutoka Uporoto: kisa cha jibu nililolitoa haraka na hadubini zilizonisahihisha

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea huku kwenye milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, na ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, binti wa kidato cha tatu aliingia maabara kabla ya kengele. Mkononi alikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa, na ndani ya karatasi kulikuwa na jani la kiazi mviringo lenye doa jeusi lililoanzia ukingoni.

“Shikamoo mwalimu. Bibi amesema nikuulize, hili jani lina nini?”

Nilifurahi sana. Nafundisha baiolojia kwenye shule ya kata, na kwa miaka mingi nimeona watoto wakitazama ngozi ya kitunguu kwa sababu mtihani unaitaka, kisha hadubini zinarudishwa kabatini mpaka mwaka mwingine. Siku hiyo swali lilitoka shambani, kwa mtu anayelihitaji jibu. Kabla ya kipindi cha kwanza nilikuwa nimeshamjibu. Jibu halikuwa la kweli, na bibi alilipa gharama yake. Ndiyo maana nakiandika kisa hiki kwa urefu: mahali nilipoteleza ni mahali ambapo mwalimu au fundi maabara yeyote mwenye hadubini moja na haraka nyingi anaweza kuteleza.

Asubuhi ya Jumatatu

Hadubini zetu ni zile za mwanga zenye lenzi mbili. Lenzi ya jicho hukuza mara 10, na zile za chini zinazozungushwa ni za 4, 10 na 40. Ukizidisha unapata mara 40, mara 100 na mara 400. Mwanga hutoka chini, hupita kwenye kitu unachokitazama, kisha huingia kwenye lenzi na kufika jichoni.

Nilikata kipande cha jani penye doa, nikakiweka juu ya slaidi, nikadondosha tone la maji, nikafunika kwa kioo chembamba, na moja kwa moja nikazungusha lenzi ya 40. Niliona giza. Nikasogeza slaidi mpaka ukingoni mwa kipande, na hapo vikatokea viduara vizuri kabisa, vyenye ukingo mnene mweusi na katikati kunang'aa. Vingine vikubwa, vingine vidogo, vingine vimeshikana viwili viwili.

“Mayai ya wadudu,” nikasema. “Mwambie bibi atafute dawa ya wadudu.”

Bibi aliniamini. Aliuza kuku wawili, akanunua dawa, na Jumanne mchana, jua lilipochungulia kidogo, akapiga nusu eka nzima kwa bomba la kuazima.

Alhamisi nilikuwa na kidato cha kwanza na kitunguu. Mtoto mmoja akaniita: “Mwalimu, seli zangu ni za duara.” Nikainama kutazama. Vilikuwa viduara vilevile vya Jumatatu, ukingo mweusi, katikati kunang'aa. Nikachukua sindano ya maabara na kubonyeza kioo cha juu taratibu. Viduara vikakimbia, viwili vikaungana kuwa kimoja, kimoja kikapasuka na kutoweka. Yalikuwa mapovu ya hewa.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika sindano, na nilichokiwaza ni wale kuku wawili.

Povu lina alama zake, na kila anayefundisha hadubini anapaswa kuzitaja siku ya kwanza kabla hata ya kutaja kiini cha seli. Mwanga unapotoka kwenye maji na kuingia kwenye hewa hupinda sana, ndiyo maana ukingo wa povu huonekana mweusi na mnene kuliko ukingo wa kitu chochote kilicho hai. Povu ni duara kamili. Mapovu hutofautiana ukubwa ovyo, wakati seli za tishu moja hukaribiana ukubwa na hubanana kama matofali ukutani. Na ukibonyeza kioo, povu hukimbia. Kosa langu la pili lilikuwa lile giza. Jani lenye unene wake, lililokufa na kuwa jeusi, halipitishi mwanga wa chini, na lenzi ya 40 haiwezi kuliona hata ungeongeza taa mbili. Nilichagua lenzi kubwa kwa sababu ni kubwa.

Shambani

Siku hiyohiyo jioni nilipanda na yule binti mpaka shambani. Nilimwamkia bibi, nikamwambia wazi kwamba nilimpa jibu la uongo bila kukusudia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi twende ukaone.” Kuanzia Jumatatu doa lilikuwa limeshakuwa matuta. Sehemu ya chini ya shamba, karibu na kijito, ilikuwa nyeusi kama iliyopitiwa na moto, na harufu ya kuoza ilitupokea kabla hatujafika.

Jirani, mzee aliyelima viazi maisha yake yote, alikuwa na jibu lake: “Mwalimu, huo ni mnyauko. Ng'oeni.” Mnyauko bakteria ni ugonjwa wa kweli na mbaya, na tofauti yake na bakajani, ugonjwa mwingine wa viazi unaoanza kwa madoa kwenye majani, ni kubwa kwa mfuko wa mkulima. Dawa ya kupuliza haigusi mnyauko bakteria, maana bakteria wake wamo ndani ya mirija ya maji ya shina na wanakaa kwenye udongo na kwenye mbegu. Bakajani inaweza kuzuiwa kwa dawa ikiwahiwa. Nikisema bakajani kumbe ni mnyauko, bibi anapoteza kuku wengine wawili.

Hapa sikutumia hadubini yoyote. Bakteria wa mnyauko wana urefu wa mikromita 2 hivi, yaani ukiwapanga 500 kwa mstari unapata milimita moja, na kuwaona vizuri kunahitaji lenzi ya 100 yenye tone la mafuta maalumu, ambayo shule yetu haina. Lakini kuna njia ya zamani inayowategemea kwa wingi wao. Nilikata shina juu ya usawa wa udongo, nikalining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji safi, tukasubiri. Kama ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa hushuka kutoka kwenye mkato, maana mamilioni ya bakteria wanamwagika pamoja na ute wao. Tulikaa kwenye kizingiti robo saa, sisi wanne, tukitazama glasi. Maji yakabaki maji. Mzee akasema, “Haya, si mnyauko,” akaondoka kwenda kufunga ng'ombe wake.

Nilitoa mfukoni lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Nikageuza jani, maana majani ya kiazi husema ukweli upande wa chini. Kuzunguka doa jeusi, pale jeusi linapokutana na kijani, kulikuwa na ukanda mwembamba wa kitu cheupe kama unga. Mayai ya wadudu hayakuwepo, wala wadudu wenyewe. Madoa hayakuwa na zile duara zinazozungukana kama maji yaliyotupiwa jiwe, ambazo ni alama ya bakajani wahi, moja ya aina mbili za bakajani. Kwa kilichoonekana hapo, shaka langu lilielekea kwenye bakajani chelewa, lakini shaka nililokuwa nalo Jumatatu nalo lilikuwa limejiamini vilevile. Nikafunga majani kumi kwenye gazeti lenye unyevu, tukashuka.

Kilichoonekana, hadubini kwa hadubini

Usiku ule majani yalilala tumbo juu ndani ya sahani mbili zilizofunikana, yakiwa na karatasi iliyoloweshwa. Asubuhi ule unga mweupe ulikuwa umesimama kama manyoya. Kwenye maabara kubwa kitu kama hiki hutazamwa kwa hadubini ya stereo, ambayo ina macho mawili, mwanga wake hutoka juu, na hukuza kidogo tu, mara 10 hadi 40 hivi. Watu huidharau kwa udogo wa namba zake. Lakini ndiyo pekee inayokuonyesha kitu kizima kikiwa na kimo na kina, bila kukikata. Sisi hatuna. Tulichukua hadubini yetu ya kawaida, tukaweka lenzi ya 4, tukafunika taa ya chini kwa karatasi nyeusi, na binti akashika tochi ya simu pembeni ili mwanga uangukie juu ya jani. Giza la Jumatatu likaondoka. Tukaona msitu: vijiti vyeupe vimechomoza kimojakimoja kutoka kwenye matundu ambayo jani huyatumia kuvuta hewa, vina matawi, na kwenye ncha za matawi kuna vitu vinavyoning'inia kama matunda.

Ni hapo tu, baada ya kujua tunatafuta nini na kipo wapi, ndipo lenzi kubwa ikapata kazi. Tulikwangua unga kidogo kwa ncha ya sindano, tukauweka kwenye tone la maji, tukashusha kioo kwa pembe ili hewa itoke. Kwa mara 400, eneo unaloliona kwa wakati mmoja lina upana wa milimita 0.45 hivi. Ndani yake yalikuwepo matunda yale, yana umbo la limau na chuchu ndogo nchani, kila moja likiwa na urefu wa mikromita 30 hivi. Ukiyapanga 15 unavuka uwanja mzima. Hivyo ndivyo vifuko vya spora, yaani mbegu ndogo mno za ugonjwa, vya bakajani chelewa. Spora za bakajani wahi zingekuwa za kahawia, kama rungu, zenye kuta zinazokatiza ndani, na hapo hapakuwa na kitu kama hicho.

Kwa utambuzi peke yake, kazi ingeishia hapo. Lakini ilikuwa Ijumaa asubuhi, na maji ya bomba yalikuwa ya baridi ya Uporoto. Kipimajoto cha maabara kilisoma nyuzi 12. Nilikumbuka kwamba vifuko hivi vikikaa kwenye maji ya baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, huwa havioteshi mrija. Vinapasuka. Nikawaambia wanafunzi tusubiri.

Tulisubiri zaidi ya saa moja. Kifuko kimoja kilichokuwa na chembechembe zilizotawanyika kikaanza kujigawa ndani, mistari ikitokea kama udongo unavyopasuka kiangazi. Kisha ile chuchu ikayeyuka, na kitu kikajisukuma kutoka, kikabanwa mlangoni, kikatoka. Kikafuata cha pili na cha tatu. Vilikuwa sita hivi kutoka kwenye kifuko kile kimoja. Vilitulia kidogo nje ya mlango, vikatetemeka, vikaondoka kwa kuogelea, vikizunguka, vikigonga uchafu na kugeuka. Darasa zima lilikuwa kimya. Binti aliyeleta jani alikuwa amekaa kwenye kiti cha hadubini na hakuna aliyethubutu kumwambia apishe.

Jambo dogo la ufundi ndilo lililotuwezesha, na nalitaja kwa sababu nadhani linafundishwa kwa haraka mno. Seli hai isiyotiwa rangi ni karibu maji ndani ya maji, mwanga hupita bila kuzuiwa. Wanafunzi hupenda kufungua tundu la mwanga lote, picha inang'aa na seli inapotea. Tukalifunga mpaka karibu robo, na mistari ikatokea. Frits Zernike, Mholanzi, alilitatua tatizo hili kwa njia bora zaidi: alitengeneza mfumo unaogeuza tofauti ndogo za mwendo wa mwanga ndani ya seli kuwa tofauti za weusi na weupe, ili seli ionekane ikiwa hai bila kuuawa kwa rangi. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1953. Kwa hadubini yake tungeziona hata flajela (mikia myembamba) mbili zinazoisukuma kila spora. Kwa yetu tuliona tu maji yakitikisika pembeni mwake. Baada ya muda spora zilianza kusimama, zikawa duara, zikatulia. Zikifika kwenye jani, hapo ndipo huotesha mrija na kuingia.

Jumamosi tulifanya jaribio ambalo kwa maoni yangu lilibeba uzito wa kisa chote. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kuondoa rangi ya kijani kwenye jani anapopima wanga: kuchemsha jani kwenye maji, kisha kulitia kwenye spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto, mbali na moto wa wazi. Tulifanya hivyohivyo, ila badala ya ayodini tukatumia rangi ya methilini bluu, tukasuuza, tukalitandaza jani jeupe juu ya slaidi. Sasa mwanga wa chini ulipita. Picha haikuwa safi, maana rangi ile hushika na kuta za mmea pia, lakini zilionekana: nyuzi ndefu zisizo na kuta za kukatiza, zikipenya kati ya seli za jani kama maji ya mvua yanavyotafuta njia kati ya mawe. Tulikuwa tumechora alama ya penseli mahali doa jeusi lilipoishia kabla ya kuondoa rangi. Nyuzi zilikuwa zimevuka alama, zimo ndani ya sehemu ambayo jana yake ilikuwa kijani, laini, nzima machoni.

Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye maabara moja mjini Mbeya alikubali tumpelekee majani mawili ayatazame kwa hadubini ya fluoresensi. Hii haikuonyeshi mwanga uliopita kwenye kitu. Inapiga kitu kwa mwanga wa rangi moja, bluu kwa mfano, kisha inachuja na kukuonyesha mwanga ambao kitu chenyewe kinautoa. Msomaji aliyewahi kupeleka makohozi kupimwa kifua kikuu huenda amehudumiwa na ndugu yake hadubini hii bila kujua: makohozi hutiwa rangi ya auramini, na bakteria hung'aa manjano-kijani juu ya giza, hivyo mpimaji anaweza kuwatafuta kwa ukuzaji mdogo na kumaliza slaidi mapema. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zile za taa za LED mwaka 2011, na kwa vituo vidogo yalikuwa mabadiliko makubwa.

Kwa jani hakuhitaji rangi. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, hujing'arisha yenyewe, nyekundu. Alitutumia picha kwenye simu: kila seli hai ikiwa mfuko wenye punje nyekundu, kloroplasti kwa kloroplasti, halafu ghafla giza pale doa lilipo. Binti aliuliza swali zuri sana: “Mwalimu, mbona hapa hatuoni zile nyuzi?” Kwa sababu nyuzi hazina klorofili. Hadubini ile tuliiuliza seli zipi bado zinafanya kazi, ikatujibu hilo. Ya kwetu yenye methilini bluu tuliiuliza adui yuko wapi. Picha zote mbili ni za jani moja, na ukiziweka pamoja unaona jambo ambalo hakuna mojawapo inayolisema peke yake: adui yuko katikati ya seli zinazong'aa, na seli hizo bado hazijui.

Zinawezaje kutojua? Hapo hadubini ya mwanga ya kawaida haifiki. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba mwanga una mpaka: vitu viwili vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2 hivi huonekana kama kimoja. Ukiongeza ukuzaji kupita hapo unapata ukungu mkubwa zaidi. Njia ya kwanza ya kuuvuka ilikuwa kuacha mwanga na kutumia elektroni, na Ernst Ruska pamoja na Max Knoll walionyesha hadubini ya kwanza ya namna hiyo Ujerumani mwaka 1931. Ruska alipata Nobel mwaka 1986, zaidi ya nusu karne baadaye.

Sisi tuliishia kwenye picha zilizochapishwa, nikazionyesha kwa projekta. Hadubini inayopenyeza elektroni ndani ya kitu huonyesha kwamba uzi wa bakajani hutoboa ukuta wa seli ya kiazi na kuingiza kidole cha kunyonyea, lakini utando wa seli hautobolewi. Unarudi ndani na kukizunguka kidole pande zote, kama puto lisilojaa linavyokubali kidole bila kupasuka. Seli inaendelea kuishi siku mbili hivi huku inanyonywa. Picha za ile hadubini nyingine ya elektroni, inayopitisha miale juu ya uso wa kitu, zinaonyesha vifuko vya spora kwa umbo kamili, utadhani unaweza kuvichuma.

Lakini niliwaambia wanafunzi pia kile ambacho picha hizo hazitatupa kamwe. Ndani ya hadubini ya elektroni ya kawaida hakuna hewa. Kitu kinachotazamwa kimekaushwa au kukatwa vipande vya unene wa nanomita 50 hadi 100 (nanomita elfu moja ni mikromita moja), kimetiwa metali nzito au kupakwa dhahabu. Kimekufa. Zile spora sita zilizotoka mlangoni na kuogelea asubuhi ya Ijumaa hakuna mashine ya elektroni ambayo ingezionyesha zikiogelea. Ilizionyesha hadubini ya shule yenye mkwaruzo kwenye lenzi, na maji ya bomba.

Ushauri tuliompa bibi

Watu wengi, mimi nikiwemo, tumezoea kuuita ugonjwa huu wa kuvu. Jina la kisayansi la kimelea chake, Phytophthora infestans, alilitoa mtaalamu wa mimea Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876, na maana yake ni mharibifu wa mimea. Ndiyo ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa. Kuvu wa kweli ana kuta za kitini, dutu ngumu kama ya maganda ya wadudu. Huyu kuta zake zina selulosi, spora zake zinaogelea kwa flajela, na kinasaba yuko karibu na baadhi ya mwani kuliko uyoga. Hilo lina maana dukani, kwa sababu zipo dawa za kuvu zisizomgusa.

Afisa ugani wa kata alikuja Jumapili, akatazama majani, akatazama na picha zetu. Alikubaliana nasi, na akatueleza jambo moja ambalo nyuzi zilizovuka alama ya penseli zilitufanya tulielewe kwa macho. Dawa kama mankozebu hukaa juu ya jani na kuua spora kabla hazijaingia. Uzi ukishakuwa ndani, dawa hiyo haiufikii. Zipo zinazoingia ndani ya mmea, kama metalaksili, ila zikitumiwa peke yake mara kwa mara vimelea huzizoea, na hata hizo haziwezi kufufua jani lililokufa. Kwa hiyo kupiga dawa pale doa linapoonekana, na kuacha matuta ya kijani kwa sababu “bado mazima”, ni kufika baada ya mwizi kuingia.

Kwa sehemu ya chini ya shamba hakukuwa na la kufanya isipokuwa kukata mashina, kuyatoa shambani na kuyafukia, kisha kuacha viazi udongoni wiki mbili hivi ngozi ikomae na spora zilizo juu ya udongo zife, kabla ya kuvuna. Sehemu ya juu, yenye upepo, ilipigwa dawa sahihi Jumatatu asubuhi. Dawa hiyo niliinunua mimi.

Kama nisingempa jibu la mapovu, sehemu ile ya juu ingeongezewa wiki nzima, na pengine na ya kati ingepona. Sidai kwamba ningeokoa yote. Katika baridi na unyevu wa hapa, bakajani inaweza kumaliza shamba ndani ya siku saba hadi kumi.

Jumatatu hiyo mchana bibi alikuja mwenyewe shuleni, amejifunga kitenge juu ya sweta. Tulimkaribisha kwenye kiti kirefu. Binti alikuwa ameandaa slaidi tangu saa mbili, kwa maji ya baridi, akamwelekeza: “Bibi, fumba jicho hilo, usikandamize.” Alikaa muda mrefu bila kusema. Mara akashtuka na kurudi nyuma, kisha akainama tena.

“Wanaogelea.”

“Ndiyo, bibi.”

“Ndiyo maana ukungu ukilala, asubuhi panakuwa peusi pengine.” Alisema hivyo akiwa bado ameinama, kwa sauti ya mtu anayeunganisha jambo alilolijua miaka mingi na jambo analoliona sasa. Baadaye akaomba aone lile jani jeupe lenye alama ya penseli. Nikamwonyesha mahali doa liliishia, na mahali nyuzi zilifika.

Alinyanyuka, akajifunga kitenge upya. “Shamba la mzee jirani ni la kijani lote,” akasema. “Naye hajapiga dawa.”

Binti alikuwa ameshachukua mkasi na gazeti lenye unyevu. Niliwaruhusu watoke kabla ya kengele.